Bahasha Moja Imebaki Ritter

Ritter, Washington
Alhamisi, 26 Januari 2023

Babu yangu,

Opal sasa hivi ameichomoa bahasha yako ya kura kutoka kwenye rundo la barua hapa mezani, akaigeuza, akachora nyuma yake kitu nilichodhani ni buibui. Nilipomuuliza akaniangalia kwa huruma. "Mama, huyo ni Babu Orval anaota jua." Una miguu saba. Nimemnyang'anya kabla hajaifungua akafika kwenye bahasha ya ndani, ile ya kutia saini, maana karani wa kaunti angedhani ndiyo saini yako. Sasa yuko chini ya meza amenuna na kalamu yake.

Sisi wazima. Kip wangu anakusalimu, bado yuko ghalani anapokea ngano ya watu waliochelewa kuuza. Theluji imefika kwenye ngazi ya pili ya kibaraza chako. Kila Jumapili napita nyumbani kwako, nafungua bomba, nahesabu mpaka ishirini, nafunga. Hakuna lililoganda. Panya mmoja ameingia jikoni kwa Bibi, nimemtegea. Wiki iliyopita nilikaanga grebel, yale maandazi ya Bibi, kwa kipimo chake, zikatoka ngumu, Kip akasema zinafaa kuzuia mlango. Alikula sita.

Nimekupigia simu Jumapili tatu mfululizo, inaita tu. Mama wa ofisini kwenye kambi yenu ya matela anasema, "Mzee yupo, mzima, amesema niseme ni mzima." Basi nimekumbuka barua za marehemu Bibi. Kila wiki mbili ilikuja moja kutoka Yuma, kurasa nne za habari zake, na chini kabisa wewe uliandika mstari mmoja: Mimi pia nipo. Nikasema ngoja nijaribu karatasi, labda karatasi utaipokea.

Na tena ilinibidi niandike kwa sababu ya hii kura. Posta hawaruhusiwi kuituma imfuate mtu anakoishi wakati wa baridi. Wakikosa mtu wanairudisha kaunti. Nimeikuta kwenye sanduku lako, nimeitia ndani ya bahasha hii kubwa. Mwisho ni tarehe 14 Februari.

Ni ile ile ya hati fungani za shule. Wilaya ikope, ijenge, halafu sote tulipe kwenye kodi ya ardhi miaka ishirini. Najua, wewe mwenye eka elfu mbili unalipa kuliko sisi wenye kibaraza na mbwa. Inatakiwa watu sitini katika kila mia waseme Ndiyo. Mwaka jana walipatikana hamsini na saba.

Safari hii bodi imesema wazi. Ghorofa ya juu ya jengo la matofali imefungwa tangu Oktoba, mkaguzi alitia kidole kwenye boriti na kidole kikaingia. Darasa la Opal lenyewe, la wadogo wa kabla ya chekechea, ni lile banda la bati nyuma ya jiko. Kura ikianguka tena, kuanzia Septemba watoto wote wa madarasa ya chini watapelekwa Kessler kwa basi. Maili thelathini na nane, Babu, na ukungu wetu unaujua. Opal atakuwa chekechea. Atatakiwa kuwa barabarani saa kumi na mbili asubuhi, na huyu mtoto saa mbili bado anasinzia juu ya uji.

Sikuombi kitu. Nakutumia kura kwa sababu ni yako. Ila kama kalamu yako itateleza ikaangukia Ndiyo, mimi sitamwambia mtu.

Wako,
Marlee


Yuma, Arizona
Alhamisi, 9 Februari

Marlee,

Barua imefika. Buibui amefika pia. Nimemkata vizuri nimembandika kwenye friji, ile bahasha ya nje haikuwa na kazi tena.

Huku jua kila siku. Wanavuna saladi usiku na mchana, malori hayaishi. Wilma, yule Mkanada wa tela la pili, ananiletea machungwa mengi kuliko ninavyoweza kula. Anaongea kuliko ninavyoweza kusikia.

Usihesabu mpaka ishirini. Hesabu mpaka arobaini. Bomba la karakana ni refu.

Samahani kwa mwandiko. Kalamu za huku ni mbovu.

Kura nimepiga. Nimeitia posta leo. Usiniulize, na mimi sikuulizi wewe. Nakumbusha tu kwamba mwaka wa themanini na tisa walituomba tujenge ukumbi wa mpira wa kikapu, wakasema paa litadumu miaka hamsini. Lilivuja mwaka wa tatu. Bibi yako aliwapakulia watoto chakula humo humo, ndoo katikati ya meza. Niliendelea kulipa.

Simu usijisumbue. Siisikii.

Mbusu mtoto.

Babu


Ritter
Jumamosi, 18 Februari

Babu yangu,

Opal anakusalimu, leo ana mafua kidogo, amelala kwenye kochi na mbwa juu ya miguu yake. Panya tulimpata. Bomba sasa nahesabu mpaka arobaini, na Opal anahesabu pamoja nami, ila yeye akifika kumi na tisa anarudi kumi na moja, kwa hiyo maji yanatoka mengi.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliitoa na ile ya Krismasi nikaziweka pamoja. Babu, mwandiko huu si wa kalamu mbovu. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika majina kwenye magunia ya mbegu mpaka watu wanadhani yamechapishwa. Hizi herufi zimeinama kushoto zote kama ngano iliyopigwa na mvua ya mawe.

Halafu ikaja na hii ninayokutumia. Ni kutoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti, imekuja kwenye sanduku lako. Nimeifungua, nisamehe, iliandikwa ni ya haraka. Wanasema saini iliyo kwenye bahasha yako ya kura haifanani na ile waliyo nayo kwenye kumbukumbu, kwa hiyo bahasha hawajaifungua. Kura yako iko ndani, imekaa kwenye trei. Ukitaka ihesabiwe, tia saini kwenye hii fomu, jinsi unavyotia siku hizi, iwafikie kabla ya Alhamisi jioni, tarehe 23. Faksi inakubalika. Pale ofisini kambini wanayo faksi, nimeshauliza. Jumatatu ni sikukuu, posta hawafanyi kazi, ndiyo maana nimeituma kwa ile ya haraka.

Matokeo bado wanahesabu na yanakaribiana. Namba sitaki kukutajia. Si kwamba nakuficha, ni kwamba sitaki iwe ndiyo sababu ya chochote. Umepiga kura. Mtu aliyepiga kura, kura yake ihesabiwe. Tia saini, Babu.

Na nijibu hili lingine, tafadhali, hilo ndilo ninalolala nalo: mkono wako una nini?

Nikupe habari ndogo ufurahi. Jumatano nilikuwa zamu jikoni shuleni, nikapita karibu na dirisha la banda la kina Opal. Walikuwa wanakata karatasi. Opal alikuwa anahangaika, mkasi unatafuna tu, haukati. Mwalimu wake akafungua droo akamtolea mwingine, wa kijani. "Huu ni wenu nyinyi wa kushoto, mama. Ule mwingine uliumbwa na mtu mkaidi." Opal akakata duara zima bila kuinua kichwa. Alikuja nalo nyumbani, nimelitia humu ndani. Anasema ni chungwa.

Nakungoja.

Marlee


Yuma
Jumatano, 22 Februari

Mjukuu wangu Marlee,

Usishtuke na mwandiko mzuri. Ni wa Wilma. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia aandike ninayosema tu.

(Mimi Wilma: anatafuta miwani yake, naandika upesi. Alipata kiharusi Jumanne baada ya Mwaka Mpya. Siku sita hospitali. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu unaburuta kidogo, na maneno yakitoka mdomoni yanateleza, ndiyo maana hapokei simu, anaona aibu usimsikie hivyo. Kichwa ni kizima kabisa na ubishi haujaguswa. Amerudi.)

Nimemuuliza ameandika nini mistari yote hiyo, anasema salamu. Sawa. Najua alichoandika. Basi umejua. Sikukuambia kwa sababu ungepakia mtoto kwenye gari ukaja huku kwenye theluji, na Kip angepoteza kazi.

Duara limefika. Liko mkononi mwangu sasa.

Nikuambie jambo ambalo nilimwambia Bibi yako peke yake. Mimi nilizaliwa mtu wa kushoto. Nilipoingia darasa la kwanza, mwaka wa hamsini na moja, katika jengo hilo hilo la matofali, chumba cha chini upande wa mashariki, mwalimu aliuchukua mkono wangu wa kushoto akaufunga kwenye kiti kwa mkanda wa koti lake. Alinifunga kila asubuhi, kuanzia Oktoba mpaka Pasaka. Watoto walizoea, wakawa wananifungua wakati wa kwenda chooni. Huo mwandiko wa magunia unaousifia ulitoka hapo. Baba yangu alipoambiwa alisema mwalimu anajua kazi yake.

Sasa wa kulia umekufa na huyu wa kushoto ameamka. Anaandika kama mtoto wa miaka sita kwa sababu hapo ndipo alipoachiwa. Hiyo ndiyo saini waliyoikataa.

Nilimwona Opal anashika kijiko kwa kushoto. Nilisema moyoni, ngoja aanze shule, wataanza naye. Wewe unasema wamempa mkasi.

Wilma, andika tena hapo. Wamempa mkasi.

Sasa sikiliza. Kura iliyo kwenye bahasha ni Hapana. Sitakudanganya. Nimepiga Hapana kila walipoleta hati fungani za shule, na kwenye mikutano nimesema ni kodi. Ni kodi kweli. Si kodi tu.

Wilma amenisomea matokeo kwenye simu yake. Ndiyo mia nne kumi na moja, Hapana mia mbili sabini na nne. Tumepiga hesabu kwa penseli, mara mbili. Ni sitini kamili kwa mia. Sitini kamili inatosha. Wameandika bahasha moja imebaki, yenye tatizo la saini. Nikitia saini, Hapana yangu inaingia, na sitini haifiki.

Wilma anasema wewe ulikuwa unazijua namba hizo siku ulipofunga ile fomu kwenye bahasha. Mimi nikasema haiwezekani, angezijua asingeituma. Wilma akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

Kilichomo ndani siwezi kukitoa nikatia kingine. Hawaruhusu. Kinachobaki ni kusaini au kutosaini. Nimepiga kura tangu mwaka wa sitini na sita sijakosa hata moja, hata ile ya mfereji wa makaburi tuliyojitokeza watu kumi na wanne. Fomu iko hapa, chini ya bakuli la machungwa. Ni Jumatano. Alhamisi bado.

Babu
(kwa mkono wa Wilma, ambaye hakuongeza kitu. Wilma: nimeongeza.)


Ritter
Jumatatu, 27 Februari

Babu yangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Matokeo yalifika Ijumaa. Kwa hiyo tangu Ijumaa nimekuwa najua mwisho bila kujua ulianzia wapi.

Niliisoma nimesimama pale pale kwenye sanduku la barua, gari linanguruma, Opal anapiga kioo kwa ndani. Siku sita hospitali, Babu! Siku sita, na mimi huku nahesabu maji ya bomba. Nimekukasirikia sana na nitaendelea mpaka nikuone. Wilma mwambie nampenda, na aongeze kila anapopata nafasi.

Ule mkono nimeufikiria siku nzima. Leo nilimaliza kuosha trei nikaenda kwenye kile chumba cha mashariki. Sasa ni stoo ya viti. Nilisimama mlangoni kidogo, nikarudi.

Ijumaa ilikuwa hivi. Tulikuwa tunapakua supu. Bi. Hergert wa ofisini akaja jikoni na simu yake sikioni, mkono mwingine juu kama polisi wa barabarani. "Ndiyo... Ndiyo... Sema tena." Akakata simu. "Mia nne kumi na moja kwa mia mbili sabini na nne. Sitini kamili. Wamepitisha." Mpishi mkuu akapiga kelele, watoto wakadhani kuna moto, wawili wakakimbilia nje bila makoti. Mtu akauliza, "Na ile bahasha moja?" Bi. Hergert akasema, "Fomu yake haikurudi. Kuna mtu hakujali." Mimi nikaendelea kupakua supu. Nilijaza bakuli la mtoto mmoja mpaka likamwagika.

Nilitaka kumwambia huyo mtu anajali. Ila si jambo langu kulisema.

Sasa na mimi nina langu. Ile barua ya kaunti ilikuja Alhamisi, tarehe 16. Nilikutumia Jumamosi. Katikati hapo ilikaa juu ya friji, nyuma ya boksi la nafaka za Opal. Wilma anasema kweli, namba nilizijua. Bi. Hergert alikuwa ametuambia wote, na alituambia imebaki moja ya saini, na mimi peke yangu Ritter nzima nilijua ni ya nani. Nilijua utakuwa umepiga Hapana. Nilijisemea posta inachelewa, theluji, sikukuu, nani atauliza. Ijumaa jioni Opal akaomba nafaka. Nikashusha boksi, barua ikaanguka miguuni pake, akaiokota. "Hii ya Babu. Mbona iko huku?" Nikaipokea kutoka kwa mtoto wa miaka minne, na kesho yake nikakuandikia.

Kwa hiyo usinione mwema sana. Siku moja na nusu sikuwa mwema.

Nilipokuandikia nikasema tia saini, nilimaanisha. Na niliposikia hukutia, nilifurahi. Vyote viwili ni kweli, sijui vinakaaje pamoja, lakini vimekaa. Sitakuuliza kitu. Nilitaka tu ujue kuhusu friji.

Kip amepata ruhusa. Wiki ya kwanza ya Aprili anakuja kukuchukua kwa gari, na hutabishana.

Wako,
Marlee


Yuma
8 Machi

Marlee

Fomu ilikuwa chini ya machungwa. Niliisahau.

Kaunti wameniletea nyingine, ya saini mpya. Hiyo nimejaza. Nimesaini kwa kushoto. Wakati mwingine watanijua.

Ukurasa huu umekula asubuhi yangu yote. Wilma hajagusa.

Boksi la nafaka liweke chini mtoto afikie.

Mimi pia nipo.

Babu


Ritter
Jumatano, 29 Machi

Babu yangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yako karibu na masikio. Leo ni siku ya kuandikisha chekechea na mstari ni mrefu, umetoka ofisini mpaka kwenye kabati la vikombe vya mpira. Karatasi hii nimeomba kwa mama wa mbele yangu, ndiyo maana ina picha za bata.

Theluji imeondoka kwako isipokuwa kivulini nyuma ya karakana. Ngano yako ya majira ya baridi imetoka vizuri, kijani mpaka kwenye uzio. Bomba limesalimika. Nimehamishia kitanda chako chumba cha chini, usinipigie kelele, ngazi zitakungoja mpaka mguu ukubali. Kip anaondoka Jumapili. Amebeba viatu vyako na jaketi, na grebel, hizi zimetoka laini, nadhani mara ya kwanza nilikanda kwa hasira.

Wapimaji walikuja jana uwanjani, watu wawili na fimbo tatu za rangi. Wamepigilia vigingi vyenye utepe wa waridi kutoka kwenye banda la bati mpaka karibu na barabara. Watoto wameambiwa wasiviguse, kwa hiyo kila mtoto amegusa kimoja. Mwaka huu wote na ujao bado watasomea kwenye mabanda, lakini ni hapa hapa, dakika sita kutoka nyumbani. Jengo la matofali litabomolewa mwisho. Nimemuuliza Bi. Hergert kama watu wataruhusiwa kuingia mara ya mwisho kuangalia vyumba. Amesema bila shaka, kuna siku maalum. Sikumwambia kwa nini. Ukitaka tutaenda. Usipotaka tutapita barabarani tu.

Opal amesikia kwamba Babu Orval anajifunza kuandika. Ameuliza, "Kwani hakwenda shule?" Nikamwambia ulikwenda. Akafikiri. "Basi nitamfundisha ya kwangu. Yeye ana kushoto, mimi nina kushoto." Amekwisha kuandaa somo la kwanza. Ni herufi O, amesema ni bahati nyote wawili mnaanzia hapo. Ule ukurasa wako ameuchunguza kwa makini akasema umejitahidi ila usibonyeze sana.

Mimi nami nikuambie, nisije nikaogopa baadaye. Bi. Hergert ana karatasi za watu wazima wanaotaka kumaliza masomo. Jumanne na Alhamisi, baada ya zamu yangu ya jikoni. Nimechukua moja. Iko kwenye mkoba, bado sijaijaza, lakini haiko juu ya friji.

Mstari umesogea. Tumebakia wawili. Kwenye fomu ya mtoto kuna mahali chini pameachwa, mtoto akitaka ajaribu jina lake mwenyewe, si lazima. Opal anataka. Amesimama ncha za vidole mbele ya meza, ulimi nje, kalamu amekwisha kuipata, na Bi. Hergert ameona, amemsogezea tu karatasi upande ule mwingine ili kiwiko kipate nafasi. "Opal na mama yake!" Ndio sisi, Babu, wanatuita, nitamalizia nikirudi kwenye gari, ila nilitaka uone jinsi alivyoishika, ameishika kwa mkono wa